Nilipandishwa mlima kwa machela nikiwa hai: nilivyoanza upya kupunguza mwili, kidogo kidogo

Wakuu, kwema humu?

Juzi nimesoma uzi wa kijana mmoja hapa jukwaani. Anasema ameacha mazoezi na diet baada ya wiki mbili, hajaona tofauti, na sasa anaona aibu kuanza tena. Nilitaka nimjibu mistari miwili, nikajikuta nina habari ndefu.

Hii si chai. Yalinikuta mwenyewe. Kijiji sitakitaja maana wanaukoo wamo humu, wakinisoma watacheka upya. Tuseme ni juu ya Mlali, kule Uluguru, gari linapoishia na mtu anaanza kupanda kwa miguu.

Turudi miaka ya tisini.

Nilikuwa bwana shamba wa serikali. Nimetembea mabonde yale yote, mwembamba, mkanda wa suruali nimeutoboa matundu ya ziada kwa msumari. Wakaanza kupunguza wafanyakazi, nami nikapunguzwa. Lakini biashara nayo ilikuwa imeachiwa huru, kila mtu anauza anachoweza, magari ya mitumba yanaingia. Nikapata pikapu. Nikawa nanunua kabichi, karoti na njegere pale Mlali napeleka Dar.

Tangu siku ile miguu yangu ikaenda likizo.

Asubuhi supu na chapati nne. Mchana chipsi kuku njiani. Jioni nyama choma na bia, maana bia zilikuwa zimejaa kila kona, si kama zamani za kupanga foleni.

Na hakuna aliyenionya. Kipindi kile kitambi kilikuwa cheti. Watu walionijua nikiwa bwana shamba walinishika tumbo wakisema, "Umependeza! Mambo yamekunyookea." Mke wangu alinisifia kwa majirani. Siku moja pale Mlali wakanipandisha kwenye mizani ya magunia kwa utani. Kilo mia moja ishirini na nne. Wakapiga makofi, na mimi nikapiga.

Kwa mama, kule juu, nikaacha kwenda. Nilimtumia sukari, nikamtumia blanketi. Akishuka sokoni Jumamosi ndipo tunaonana.

Kisha mjomba akafariki.

Kwa wasiojua, sisi Waluguru ukoo unapita kwa mama, kwa hiyo mjomba ni mtu mkubwa sana. Huyu ndiye aliyenisomesha, na mimi ndiye mpwa wake mkubwa. Kwenye ukoo wetu mpwa mkubwa ndiye anayeanza kutia udongo. Kabla hajafika hakuna anayegusa jembe.

Nilifika Mlali saa tatu asubuhi nikaanza kupanda, nimevaa suti. Nusu saa tu moyo ulikuwa unadunda masikioni. Saa sita bado sijafika hata nusu ya njia, nimekaa chini, viatu nimevua, juu siendi na chini sirudi. Huko juu watu wanangoja na marehemu yuko ndani.

Ndipo wakashuka watani wetu.

Mnajua mtani akiwa msibani, mdomo wake hauna breki. Walikuwa wamesikia kwa mpita njia kwamba nimekwama, wakashuka bila kumwambia mtu. Walikuja sita, wamebeba machela, ile ya miti miwili na blanketi. "Gunia, panda," wakasema. Nikakataa. Wakanikumbusha ni nani ananisubiri. Nikapanda.

Sasa hapa naomba tuelewane. Kule kwetu gari haliingii. Machela ikishuka imebeba mgonjwa anayepelekwa hospitali. Ikipanda, imebeba maiti inayorudishwa nyumbani. Ndivyo ilivyo, kila mtu anajua, hata mtoto. Mimi kwa uchovu sikuliwaza hilo. Niliwaza aibu tu, nikajifunika uso kwa koti.

Walioko juu wakaona machela inapanda, mtu amelala, uso umefunikwa.

Mama ndiye aliyeona kwanza. Akalia jina langu. Sijawahi kusikia jina langu likiitwa vile na siombi kulisikia tena. Alikimbia kuteremka akaanguka kwenye mihogo, akina mama wengine wakapokea kilio, na mimi nikainuka juu ya machela napiga kelele, "Nipo! Mama, nipo!" Kuna watu walitimua mbio, na siwalaumu.

Watani walicheka mpaka makaburini. Mama hakucheka. Tulipomaliza kuzika akaniita nyuma ya nyumba.

"Mwanangu, huku usipande tena. Leo nimeshakulilia msiba, mara ya pili sitaweza. Na mimi nikifa nitawaambia wasikwambie, mpaka wamemaliza kunizika."

Nikajaribu kumtania. Mama yangu akishasema, amesema. Nilishuka mlima ule nikijua kwamba mama anaweza kufa na mimi niko Dar nauza njegere, na nitaambiwa baadaye.

Kesho yake nikaanza kupunguza mwili. Kijana, hapa ndipo ninapokuelewa.

Niliacha vyote siku moja. Ugali, wali, nyama, bia, sukari. Alfajiri nakimbia barabarani pale Kihonda, Morogoro mjini, nilikokuwa naishi, mchana matango. Nilijiapiza kwamba ndani ya miezi miwili nitapanda kwa mama kama zamani. Siku ya kumi na moja goti likavimba. Siku ya kumi na tatu nikaagiza kuku mzima, nikammaliza peke yangu, nikaagiza na bia. Mwezi uliofuata nilikuwa mzito kuliko nilivyoanza.

Nikasema basi, ndivyo nilivyoumbwa. Karibu mwaka ukapita hivyo. Mama naye akaanza kuruka Jumamosi za soko, mara magoti, mara mvua.

Siku moja pale Mlali nilikuwa napokea mzigo kwa Mama Edita, jirani ya mama. Huyu mama ni mtu mzima, na kila siku ya soko alikuwa anashuka na kabichi kichwani, kisha anapanda tena jioni. Nikamuuliza kwa uchungu tu.

"Shikamoo, Mama Edita. Hivi huu mlima mnaupandaje kila siku?"

"Marahaba, baba. Nani kakwambia tunaupanda?" Akatua tenga lake. "Mimi naenda kijitoni. Nikifika kijitoni nakunywa maji, naenda kwenye jiwe. Kwenye jiwe natua mzigo, naenda msalabani. Nikitoka msalabani naenda kwangu. Mlima wenyewe sijawahi kuupanda."

"Na mimi nianzie wapi?"

Akaliangalia tumbo langu bila haya hata kidogo. "Wewe nenda kijitoni. Halafu urudi."

Basi. Kila nikifika Mlali naegesha pikapu, naenda hadi kijitoni, nakunywa maji, narudi. Ni mwendo wa robo saa. Wiki nne nzima sikuvuka kile kijito. Wachuuzi wakapata la kusema: "Bosi, umesahau nini huko kila siku?"

Kwenye chakula nikafanya hivyo hivyo. Chai nilikuwa naweka vijiko vinne vya sukari, nikaweka vitatu. Nilipozoea, viwili. Chapati zikawa tatu. Bia nikaziachia wikiendi. Sikukataza kitu kizima, maana najijua nikikatazwa.

Baada ya mwezi nikapanda mizani ya magunia. Kilo mbili zimeshuka. Nikanuna. Mama Edita akasema, "Kilo mbili za karoti zibebe kichwani mpaka msalabani, kisha uje uniambie kama ni kidogo."

Nikaenda hadi kwenye jiwe. Huko nikakaa miezi. Halafu Krismasi ikanikuta, nikala na kunywa wiki mbili mfululizo, na nilipojaribu tena jiwe sikulifikia. Zamani ningeacha. Safari hii sikujiapiza kitu wala sikumtangazia mtu. Nilirudi kijitoni nikaanza tena, na ninaamini siku ile ndiyo iliyoniokoa kuliko zote.

Mwaka na kidogo, nikafika msalabani. Ni msalaba wa mbao uliowekwa na misheni pale njia inapopinda. Ukisimama pale unaona paa la mama. Niliangalia lile paa, nikarudi. Alishanikataza, na niliogopa kumtia presha.

Siku moja ya soko Mama Edita akaja ananikwepa macho. Nikambana.

"Mama yako anakohoa. Wiki ya pili haendi shamba. Kaniambia nisikwambie."

Nilitaka kukimbia. Akanishika mkono. "Kijitoni kwanza, baba."

Nikaenda kijitoni, nikanywa maji. Nikaenda kwenye jiwe, nikakaa. Nikaenda msalabani, nikakaa, ingawa roho ilikuwa imeshafika nyumbani. Toka pale ni kipande ambacho kwa miguu yangu sikuwa nimekipanda kwa miaka. Nilikipanda taratibu, nikihesabu migomba.

Mama alikuwa mlangoni, amejifunika lile blanketi nililomtumia, anachambua maharage.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Aliangalia nyuma yangu. Akaweka ungo chini, akainuka, akanipita, akaenda mpaka ukingoni mwa uwanja. Akaangalia njia kule chini kwa muda mrefu.

"Wako wapi?" akauliza.

"Akina nani, mama?"

"Waliokubeba."

"Hakuna aliyenibeba. Nimekuja kwa miguu."

Akaangalia viatu vyangu, vimejaa udongo mwekundu. Akanigusa tumbo, kama wale wa mjini, lakini yeye hakunisifu. Ndipo akasema, "Marahaba, mwanangu."

Akanipikia ugali mkubwa kuliko sisi wawili. Nilipoacha nusu akadhani naumwa. Jioni alinisindikiza hadi migombani, akikohoa, na tulipoagana akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekukumbusha kununua chumvi:

"Haya. Nitawaambia. Nikifa, wakuite."

Wakuu, nililia njia nzima mpaka kijitoni.

Alipona, na akaishi miaka mingine mingi. Siku yake ilipofika niliitwa asubuhi ile ile. Nikapita kijitoni, kwenye jiwe, msalabani. Hakuna aliyelazimika kunisubiri.

Sijawahi kuwa mwembamba tena, nisiwadanganye. Nilichojifunza ni kwamba kilichonishinda mara ya kwanza kilikuwa pupa. Nilitaka kumaliza kwa miezi miwili mwili nilioujenga kwa miaka. Na kuanza upya hakuna aibu, nimeanza upya mara nyingi kuliko ninavyokumbuka.

Mwaka jana niliugua, nikakaa ndani muda mrefu, na kilo zikarudi. Nina zaidi ya miaka sitini sasa, naishi mjini, tambarare. Jumatatu nimeanza tena. Kijito changu safari hii ni nguzo ya tatu ya umeme kutoka getini kwangu. Leo nimeifikia, nimeigusa, nimerudi kunywa chai ya kijiko kimoja.

Kijana, na wengine wote mlioacha: kijito chenu kiko wapi? Andikeni hapa chini, hata kama ni mlangoni tu.