Buji Mpya na Pikipiki ya Ramazani

Siku yangu ya kwanza garajini Kasongo sikugusa hata spana. Shefu wa garaji alinipa kopo la buji chakavu, vile vidude vya kutoa cheche ndani ya injini, akaniambia nizipange kwa rangi: za kahawia zimechoma vizuri, nyeusi zimeshiba masizi, nyeupe zimepata joto kupita kiasi. Nilidhani ananidharau. Kumbe ndiyo ilikuwa shule yenyewe.

"Buji hainywi esanse," alizoea kutuambia, esanse maana yake petroli. "Iko inawasha tu. Pikipiki ikikunywa sana, angalia kwanza filtre, kabiratere na mipira. Na usibadirishe vitu mbili mara moja, utajua aje gani imekusaidia?"

Alinipeleka Lusangi, kisha Salamabila, nisimamie banda letu kwenye mji wa dhahabu. Huko hakuna anayengoja, nami damu yangu ilikuwa inachemka kuliko ya wachimbaji. Alikuja mchuuzi na buji za ncha nyembamba, boksi linameta, akisema zinapunguza esanse na kuongeza nguvu. Nilitoa buji iliyochoka ya pikipiki yangu, nikafunga yake siku ileile niliyosafisha filtre, kichujio cha hewa, na kujaza upepo mipirani. Pikipiki ikavuta kama mpya, esanse ikadumu. Nikatangaza kwa kila mtu. Haraka haraka haina baraka, lakini siku zile nani angeniambia hivyo nikamsikiliza?

Ramazani, dereva wa pikipiki, aliniamini, nikamfungia moja. Mke wake aliposhikwa na uchungu kabla ya siku zake, alikuja mbio kuniuliza kama abebe bidoni ya esanse ya akiba hadi hospitali ya Kasongo.

"Acha bidoni, mama akae vizuri," nikamwambia. "Na hii buji utafika bila kuongeza."

Hawakufika. Esanse iliwaishia msituni. Ramazani alisukuma pikipiki hadi alipopata msaada. Mama alipona, mtoto hakupona.

Pikipiki ililetwa kwangu. Tangi lilikuwa kavu na safi, bila tone la maji. Filtre ilikuwa imeziba kwa vumbi, na mimi sikuwa nimeifungua hata mara moja. Nilikuwa bado nimeinama pale Ramazani alipomvaa kaka yake mkubwa Amuri, Yaya wake, aliyemuuzia esanse ya safari.

"Ulitia maji, Yaya! Fundi njo shahidi, buji yake iko muzuri!"

Amuri aliapa, akanigeukia. Nilijua yote, nikanyamaza kwa kuhofia kuharibu jina langu. Tangu siku hiyo ndugu wale hawakusalimiana.

Sasa nimestaafu na siwezi kutulia. Nakaa, nasimama, pikipiki ikipita natoka nje kusikiliza inavyonguruma. Vijana mnaniuliza kama buji hizo za kumeta zina faida. Buji ya zamani ikiwa imekufa, mpya yoyote nzuri itakusaidia. Ikiwa nzima, hiyo ya kumeta haitakuongezea safari ya maana. Maneno mafupi tu, na nilishindwa kuyasema yalipohitajika.

Mwezi uliopita tulimzika Amuri. Ramazani alisimama mbali, hakutupa hata konzi ya udongo. Siku ya tatu nilimwendea nyumbani, nikamweleza: filtre, tangi, mdomo wangu. Nilitamani anitukane. Hakunitukana.

"Sasa Yaya Amuri," akauliza, "nani atamuambia?"