Kware wa Ng'ambo ya Kijito

Gunsalam alikuwa mkaidi, hilo halina ubishi. Waongoza wageni wenzake chini ya Mlima Kinabalu, watu wa kabila la Wadusun kama yeye, walitembea na simu na vispika vidogo mkandani. Yeye bado alibeba redio kaseti kubwa kama tofali.

"Mjomba, hiyo mashine au jiko?" mpwa wake Witi, naye mwongoza wageni, alikuwa akimtania.

"Jiko. Na kuni ni wewe!"

Lakini zamani, jamani, redio ile ilikuwa na heshima yake! Gunsalam ndiye wa kwanza kurekodi kware wa kichwa chekundu wa bonde lao, dume na jike wakipokezana. Akiipiga tu, dume hutoka kichakani kifua mbele kumsaka mvamizi, na wageni huinua darubini zao. Waongozaji wote wakainakili. Mwisho wa kanda alisikika mkewe, Rinai, akimwita kula, na kila mtu alicheka akifika hapo.

Rinai alimpa sharti moja: mara tatu, basi. "Ndege si kengele, Gunsalam. Ana mayai yake pale."

Ila sifa zilimpanda kichwani. Msimu mmoja aliipiga mara kumi, mara ishirini, kila mgeni apate picha yake. Dume akazunguka akigombana na hewa, mpaka asubuhi moja hakujibu. Hakujibu tena. Rinai hakumgombeza, na hilo ndilo lililomuuma. Miaka miwili baadaye Rinai akafariki, na wiki ileile ya matanga mashine ikatafuna mwisho wa kanda, sauti yake ikapotea.

Tangu hapo, miaka tisa, kila Machi alipanda bondeni peke yake. Anapiga mara tatu, anasikiliza, anarudi. Alitaka jambo moja tu kabla magoti hayajamgomea: kusikia kwamba kware yupo, kwamba hakummaliza.

Mwaka huu alipiga mara ya kwanza. Kimya. Ya pili. Ng'ambo ya kijito, kware akaitika!

"Yupo!" Mzee mzima alilia kama mtoto. "Rinai, yupo!"

Akavuka maji na viatu vyake, redio kichwani. Akapiga ya tatu. Kware akajibu, karibu kabisa, dume na jike wakipokezana vilevile. Kisha, kutoka kichaka kilekile, mwanamke akaita: "Gunsalam wee! Wali unapoa! Au umemwoa huyo kware?"

Gunsalam akakaa chini kwenye tope.

Witi akatokeza, simu mkononi, nakala ya kanda ile ya zamani ikilia ndani yake. "Kumbe ni wewe! Nami nimefurahi hapa, nikajua kware amerudi." Alipoona uso wa mjomba wake akashtuka. "Nisamehe, Mjomba. Nazima sasa hivi."

"Thubutu!" Gunsalam alimshika mkono. "Piga tena. Toka mwanzo."

Witi akapiga. Bonde halikujibu. Rinai akaita wali unapoa, na mzee akatikisa kichwa akitabasamu, machozi yakimshuka.

"Tena."

Akapiga tena. Wakasikiliza mpaka mwisho, mpaka kicheko kifupi cha Rinai alichokuwa amekisahau kabisa.

"Nirudie, Mjomba?"

Gunsalam alitamani, Mungu anajua alivyotamani. Akahesabu kwa vidole vyake vyenye tope.

"Hapana, Witi," akasema. "Mara tatu zimetimia."