Majina Aliyomwita Serafina

Serafina wa Rwamgasa, Mama Masalu kwa majirani, huponda mawe ya dhahabu kwa nyundo tangu alfajiri mpaka jua limkae utosini, na kila jema linalompata humtungia Mungu jina. Mumewe Maganga alipofukiwa duarani, ndani ya shimo la dhahabu, akavutwa hai kwa kamba, Mungu akawa Mshika Kamba. Mvua ilipoiwahi mihogo yake, akawa Asiyechelewa. Kila Alhamisi jumuiya ya waumini ikikutana, Serafina ndiye husalisha: hutaja majina hayo, wenzake wakaitikia, "Tunakushukuru."

Mkatekista Sostenes hakupendezwa. "Mama Masalu, majina ya Mungu yamo kitabuni. Leo Mshika Kamba, kesho je, Mwenye Karasha la kusagia mawe? Alhamisi ijayo usome kitabu, la sivyo tutachagua mwingine."

"Nimekusikia, Mwalimu."

Wiki nzima aliponda mawe bila kutaja jina lolote. Uongozi hakuulilia. Alichoogopa ni kwamba pengine miaka yote hiyo amekuwa akimkosea Yule aliyemrudishia mume.

Alhamisi walikutana kwa bibi Limi. Serafina alisimama, akafungua kitabu. Jina la kitabuni likawa dogo. Majina yake mwenyewe yakawa madogo vilevile, kama kikombe mkononi mwa mtu aliyetumwa kuchota ziwa. Shukrani zikamjaa mpaka kooni, akanyamaza. Kuku alipita katikati ya miguu ya watu, hakuna aliyemfukuza.

"Kasahau kusoma?" Nelly, jirani yake, alinong'ona.

"Nyamaza wewe, anasali," alisema bibi Limi. Kisha akalitaja jina la Mungu alilofundishwa na mama yake kwa Kisukuma, kabla ya kubatizwa: "Liwelelo."

"Tunakushukuru," wakaitikia wachache.

"Mfuta Machozi," akasema Nelly, sasa kwa haya.

"Tunakushukuru."

Maganga, mtu asiye na maneno mengi, alikohoa pale mlangoni. "Wewe uliyekuwa kule chini kabla yangu."

Sostenes alimtazama mtu yule aliyetoka ardhini, akafunga kitabu chake polepole.

"Tunakushukuru," alisema, wa kwanza. Kisha, "Endelea, Mama Masalu."

"Mwalimu, sina jina lililobaki."

"Basi tukae hapo hapo ulipofika."

Wakakaa. Uji wa bibi Limi ukapoa jikoni, na Serafina, mikono yake yenye sugu ikiwa wazi mapajani, hakuogopa tena.