Mzee Gundi na Vitabu vya Vipande Vinne

Kwenye lango la chuo cha uuguzi, katikati ya duka la fotokopi na kibanda cha fundi simu, palikuwa na meza ya mzee mmoja ambaye jina lake halisi wanafunzi hawakulijua wala hawakuhangaika kuliuliza. Walimwita Mzee Gundi, naye akaitika. Vidole vyake vilikuwa vimegandwa na gundi kavu tangu wao hawajazaliwa, sasa angekataa kwa hoja gani?

Kazi yake ilikuwa kujalidi vitabu, lakini iliyompa umaarufu ni ile ya kupasua. Kitabu kikubwa cha uuguzi bei yake haishikiki, asikudanganye mtu. Basi wanafunzi wanne walichanga, wakanunua kimoja, wakamletea. Yeye alikichana mgongoni, akakigawa vipande vinne, kila kipande akakishona na kukitia jalada gumu. Kila mmoja aliondoka na chake, wakawa wanabadilishana. Mwisho wa mwaka aliviunga tena, kitabu kikauzwa kwa wanaoingia. Na aliunga kweli, si utani! Ungekipapasa mgongo usijue kama kiliwahi kupitiwa na kisu.

"Manesi wa mji huu nimewasomesha mimi," alipenda kujigamba.

"Umewasomesha robo robo," alimjibu Mama Fotokopi, jirani yake mwenye mdomo usiolala. "Ndiyo maana wakinidunga sindano naumia upande mmoja." Wakacheka, kila mtu akarudi kwenye kazi yake.

Binti wa pekee wa Mzee Gundi alipoingia mwaka wa pili chuoni hapo hapo, likatoka tangazo: vitabu vyote sasa viko mtandaoni, mwanafunzi anapakua kwenye simu yake bila kutoa hata senti. Wanafunzi walishangilia mpaka mlinzi akatoka kuona kuna nini. Mzee Gundi yeye alichanganya gundi ya muhula mpya kama kawaida yake, akakaa kusubiri. Akasubiri mpaka gundi ikaganda ndani ya ndoo. Wanafunzi walipita wameinamia simu zao, wenye adabu wakimtupia "Shikamoo mzee," naye "Marahaba," basi, yameishia hapo.

Aliumia, tena sana. Lakini lililomkata maini hasa aliletewa na Mama Fotokopi.

"Wee, kwani hujui? Aliyewaongoza wenzake mpaka kwa mkuu wa chuo kudai hivyo vitabu vya simu ni mwanao. Mimi nilidhani mmekubaliana!"

Njia nzima ya kurudi nyumbani alipanga maneno makali. Alimkuta binti yake jikoni anamenya viazi, na maneno yote yakampotea.

"Nasikia ulikuwa mbele," alisema.

Binti aliweka kisu chini. "Nilikuwa mbele, baba."

"Kazi iliyokulea ukaiua mwenyewe? Hata kuniambia, mwanangu? Nisikie kwa jirani?"

"Nimeiua, baba, na nilijua ninachofanya. Siwezi kukudanganya." Alifuta mikono kwa kitambaa. "Mwaka wa kwanza nilifeli mtihani wa dawa. Ile likizo niliyokwambia nipo hospitali kwa mazoezi, nilikuwa narudia."

Mzee Gundi alivuta kigoda, akakaa.

"Kipande cha dawa kilikuwa zamu ya mwenzangu. Akafiwa, akasafiri nacho, na mtihani ukatukuta hajarudi. Niliingia mle ndani sijasoma hata ukurasa mmoja."

"Kitabu chenu si nilikigawa..."

"Ulikigawa wewe. Ukakigawa vizuri, ukatuchagulia na rangi za majalada, unacheka. Ningeanzia wapi kukwambia?"

Miaka yote hiyo mzee alijisifia waliofaulu, wala haikumpitia akilini kuuliza nani alibaki bila kipande gani. Aliona aibu. Lakini kilichomuuma zaidi ni kwamba mtoto alikuwa amebeba mzigo ule peke yake, kwa kumstahi yeye.

"Ungeniambia tu," alisema mwishowe.

"Ungeacha kupasua?"

Alifikiri. "Nisingeacha. Tungekula nini?"

Binti akataka kucheka, machozi yakamtangulia. Baba yake alimwacha alie kidogo, kisha akamuuliza, "Hicho kipande cha dawa unacho sasa?"

"Ninacho chote, baba. Kitabu kizima."

"Hebu nisomee."

Binti alichukua simu, akaketi sakafuni karibu na magoti ya baba yake, akaanza: dawa hii, kipimo chake, nani asipewe. Kurasa zile mzee alikuwa amezishona maisha yake yote, na hakuwahi kusikia hata mstari wake mmoja. Walipofika mahali fulani sauti ya binti ikapungua.

"Hiyo ndiyo iliyotoka kwenye mtihani?" aliuliza mzee.

"Swali la kwanza."

"Irudie basi."

Akairudia, polepole, na mzee akawa anaifuatisha kwa midomo neno kwa neno, mpaka naye akaishika.