Mkono wa Kushoto wa Fundi Saa

Fundi saa alikuwa na duka katika chumba cha mbele cha nyumba yake, na humo hakuna kilichomshinda isipokuwa mbwa. Mbwa mwenyewe hajatimiza mwaka, sikio moja limesimama na jingine limelala, jina lake Dakika. Aliletwa na binti yao wa pekee, ambaye hakukaa naye hata mwezi akapata kazi ng'ambo. "Baba, nitunzie," alisema mlangoni, akaenda zake. Ilikuwa miezi minane sasa, na fundi aliyachukua maneno hayo mawili kama amana.

Kwa mambo mengine Dakika hakuwa na neno. Balaa lilikuwa mezani. Sahani ikitua, naye ametua. Anakutolea macho ya yatima, analia kidogo kidogo mpaka tonge linakosa ladha. Ukigeuka, nyama haipo. Jumapili moja alikuja shemeji yake fundi, kaka wa mkewe, mtu mzito mwenye heshima zake. Alikuwa anasimulia habari za goti lake, paja la kuku mkononi, mkono umesimama hewani. Dakika akaruka akalinyakua, akalimalizia chini ya kabati.

Mke wa fundi alifundisha darasa la kwanza miaka thelathini, na hata baada ya kustaafu mtaa mzima ulimwita Mwalimu, mumewe akiwemo. Hakupiga kelele. Alingoja kaka yake aondoke.

"Mlinzi wa ghala anatafuta mbwa," alisema. "Huyu nampa wiki mbili. Kaka akija tena akamkuta anaomba mezani, anakwenda."

"Kule atafungwa mnyororo, Mwalimu."

"Basi afundishike."

Fundi alijiona ameshika simu, anatafuta la kumwambia binti yake. Akakubali kila sharti. Kipande cha zulia kiliwekwa karibu na mlango, mbwa alale hapo watu wakila. Asitazamwe, asisemeshwe, asipewe hata mfupa. Chakula chake kinatiwa bakulini baada ya meza kufutwa. Akiinuka anarudishwa, kimya kimya. Siku ya kwanza alirudishwa mara thelathini na moja. Alilia mpaka fundi akasukuma kiti nyuma aende kumbembeleza.

"Mchelea mwana kulia hulia yeye," Mwalimu alisema bila kuinua macho. Fundi akakaa.

Siku ya tano Dakika alilala zuliani mpaka meza ikafutwa. Siku ya sita akarudi kung'ang'ania magoti ya watu, utadhani kuna mtu kamwahidi kitu. Ikawa hivyo: leo kafaulu, kesho kafeli, na wiki ya pili ikaingia.

"Kuna mtu anampa," alisema Mwalimu. "Mbwa haombi pasipo mtoaji."

"Labda jirani."

"Jirani yupi? Huyu ambaye hata kuku wake wanakonda?"

Alhamisi, adhuhuri, Mwalimu alisimama nyuma ya pazia la duka. Fundi hula chakula cha mchana hapo hapo kwenye meza ya kazi, maana saa ikishafunguliwa hapendi kuiacha iingie vumbi. Lenzi ilikuwa jichoni, kibano mkono wa kulia, na mkono wa kushoto ulikuwa unamega mkate. Kipande cha kwanza kilikwenda kinywani. Cha pili kilishuka chini ya meza, taratibu, kikapokelewa. Cha tatu kinywani, cha nne chini. Uso wa fundi haukutoka kwenye saa hata mara moja.

"Umempa nini?"

"Nani, mimi?" Fundi aliinua kichwa. "Haki ya Mungu, sijampa kitu."

"Kikulacho ki nguoni mwako, mzee. Hebu tazama mkono wako."

Akautazama. Ulikuwa usawa wa goti, na Dakika anaulamba vidole. Ubavuni mwa Dakika palikuwa na kigoda cha mbao ambacho hakijakaliwa na mtu kwa miaka mingi. Kabla hajaanza shule, binti yao alishinda hapo akichambua skrubu, kubwa huku, ndogo kule, na baba yake akimshushia mkate bila kutazama: kipande changu, kipande chako.

"Nilikuwa nimeshaacha," fundi alisema. "Tangu aende ng'ambo, sijui..."

Alikuwa anamkumbuka mwanawe mno, na hakuwa amemwambia mtu, hata mkewe.

"Mazoea yana taabu," alisema Mwalimu, na safari hii hakusema kama yuko darasani. Tangu siku hiyo saa ilifunikwa kwa bilauri, na fundi akawa anakula mchana jikoni, mikono yote miwili juu ya meza.

Jumapili shemeji alikuja. Alilishika paja la kuku akaliinua makusudi, akalizungusha. Dakika alidondosha mate zuliani, akahema, akaweka kidevu chini. Hakuinuka.

"Haa! Huyu siye yule," shemeji alisema.

"Ndiye," Mwalimu alimjibu. "Haendi popote."

Shemeji akarudi kwenye goti lake, kwa kirefu. Katikati ya habari hiyo fundi alihisi mkono wake wa kushoto uko chini ya meza, umeshika kipande cha mkate. Alingoja kidogo. Hakuna aliyekuja kukichukua. Mwalimu, aliyekaa ubavuni mwake akimsikiliza kaka yake, alishusha mkono wake chini, akakipokea, akakila.