Shangazi alivyoisugua mahari yangu kwa steel wool

Wakuu, habari za weekend.

Hili limenikuta mimi mwenyewe, chumvi sijaongeza hata punje. Anayebisha aje hapa Laurel, Maryland, nimpeleke kwa Shangazi akaulize.

Iko hivi. Nina mchumba, Mmarekani, anaitwa Becky. Mama yake alishafariki, kabaki na baba, Mzee Walt. Huyu Mzee ana bunduki ya jeshi la Wajerumani ya Vita Kuu ya Pili. Baba yake alirudi nayo kutoka vitani. Siku hizi haipigwi, inakaa kwenye kabati la kioo, na anaipenda kuliko sisi wote.

Nilipokwenda kujitambulisha niliongozana na Shangazi Restituta, anakaa Langley Park na ndiye mzazi wangu huku. Akang'ang'ania kwamba binti wa watu hachukuliwi bure, baba mtu aseme anataka mahari gani.

Mzee akacheka. Akasema hataki kitu, labda tumtafutie buttplate ya bunduki yake. Ni kile chuma kinachofunika kitako, pale unapoegemeza begani. Iliyopo ni feki na inamuuma roho miaka yote.

Alikuwa anatania, wakuu.

Shangazi akasema, "Imepita. Hiyo ndiyo mahari."

Nilidhani ni kazi ya kubonyeza simu tu. Thubutu!

Kumbe za mwanzo wa vita ni bapa, za baadaye zimekunjwa kingo zikumbatie mbao. Halafu kuna muhuri, katai kadogo, yaani yule ndege tai wa jeshi lao, na namba chini yake, na lazima uendane na kiwanda kilichotengeneza bunduki yenyewe. Ya kwanza niliyoagiza ilikuwa nyeusi tii, nzuri. Mzee akaigeuza mara moja tu: replica. Ya pili original, ila bapa. Becky akaanza kuniuliza namuoa yeye au baba yake.

Mwisho nikaipata kwenye gun show moja Virginia, nimetoka shift kwenye data center huko Sterling. Ina kutu, ina madoa, mbaya hasa. Lakini katai kapo na namba ndiyo yenyewe! Nikamtumia Mzee picha. Akajibu kwa herufi kubwa: USIISAFISHE. Kwa hawa collectors ule uchakavu ndio thamani, ukiufuta umeua kitu.

Mimi nikaelewa. Shangazi hakuna aliyemwambia.

Jumamosi ya kupeleka mahari nikaiacha mezani kwake, nikaingia kuoga na kuvaa. Natoka, naikuta juu ya kitambaa cheupe, inameremeta kama sufuria mpya. Kaipiga steel wool, ndimu na unga wa kusugulia masinki.

"Ulitaka tupeleke kutu ukweni?" ananiuliza. "Waseme kwetu hakuna maji?"

Wakuu, nililia. Mwanaume mzima, ndani ya suti.

Muda wa kutafuta nyingine haukuwepo. Tulipofika, Shangazi akaikabidhi kwa mikono miwili, kakunja goti kidogo kama kwao Bukoba.

Mzee akaitazama. Akatafuta muhuri kwa kidole. Katai kamebaki bawa moja.

"Nani kasafisha hii?"

Shangazi hakusubiri tafsiri. Akanyoosha mkono, meno yote nje. "Me! Very hard work!"

Mzee akainuka, akaingia chumbani. Becky kanishika mkono. Nikajua basi, nimeachika kabla sijaoa.

Akarudi na singe ya bunduki ile ile, kile kisu cha kuchomeka mbele ya mtutu. Inang'aa mpaka unaweza kujitazama usoni.

"Mke wangu," akasema. "Ndiyo kwanza tumeoana. Alitaka kunifurahisha. Nikamnunia wiki nzima, mjinga mimi. Mpaka leo natamani nirudishiwe wiki ile."

Akachukua bisibisi, akaifunga ile buttplate hapo hapo. Becky analia, mimi nalia. Shangazi ananivuta koti.

"Mwambie na bunduki yenyewe nitamsafishia. Mbona chafu hivyo?"

Sikutafsiri. Ila Mzee aliona macho yake yanakoelekea, akafunga kabati, ufunguo akautia mfukoni.

Tumeshaoana sasa, namshukuru Mungu. Nilichojifunza: kabla hujapeleka kitu ukweni, jua wanakipendea nini, halafu kifiche shangazi zako wasikione.

Kuna mwingine aliyesafishiwa kitu na ndugu kwa upendo? Semeni jamani, nisijione niko peke yangu.

EDIT: Shangazi kausoma huu uzi. Anasema yule tai alikuwa uchafu tu.