Viatu Alivyotumiwa Mdogo Wangu

Mzigo ulifika Kibiti kwa basi la asubuhi, na aliyetumwa kuupokea ni mimi. Binti yangu alinipigia simu kutoka Dar es Salaam nikiwa nimeinamia cherehani kibarazani, karibu na soko. "Shikamoo mama. Kuna boksi liko kwa kondakta, naomba ulichukue," akasema, halafu simu ikakatika.

Nilidhani ni langu. Nilivua miwani, nikajifunga kanga vizuri, nikaenda stendi nusu nikikimbia, nikiwapita vijana wa bodaboda bila hata kuwajibu salamu. Kondakta akanikabidhi. Juu ya boksi, kwa ule mwandiko wa binti yangu wa herufi zilizolala, paliandikwa: "Kwa Mama Mdogo."

Mama mdogo wake ni mdogo wangu, tumenyonya ziwa moja. Ni mwalimu wa shule ya msingi hapa hapa mjini. Binti yangu alipofaulu kwenda sekondari, mimi na mume wangu tulikuwa tukilima mpunga Mohoro, tukampeleka akae kwa mama yake mdogo, karibu na shule. Akakaa miaka minne. Likizo alikuja kwetu, akatusalimu kwa adabu kama mgeni, akala, akaosha vyombo, akahesabu siku za kurudi Kibiti. Mume wangu alipofariki nikahamia mjini kushona nguo, lakini binti alikuwa keshaondoka kwenda Dar kufanya kazi. Miaka ya kukua kwake aliiona mwenzangu. Hilo nililijua siku zote, ila siku ile nililibeba mikononi kutoka stendi mpaka nyumbani kwa mdogo wangu.

Alilifungua mbele yangu. Zilikuwa raba nyeupe zenye mstari wa zambarau, na soli ya namna ambayo sikuwa nimepata kuiona: nene, imepinda mbele na nyuma kama tumbo la mtumbwi. Ukiziweka mezani zinayumba. Ndani ya boksi mlikuwa na karatasi ya Kizungu, mdogo wangu akaisoma na kunitafsiria, macho yanacheka.

"Eti vinakaza misuli ya mapaja na makalio. Vinanyoosha mgongo. Na mtu akisimama kutwa, miguu haichoki. Dada, mtoto huyu! Nilimwambia mara moja tu kwamba miguu inaniwaka nikitoka darasani."

"Mashallah," nikasema. "Vitakufaa."

Mgongo wangu mimi ulikuwa na miaka mingi ya kuinama juu ya cherehani. Asubuhi niliinuka kitandani kwa awamu, kwanza kiwiko, kisha goti. Nikirudi nyumbani siku ile nilitembea nimejikunja zaidi ya kawaida yangu, kama vile kuna mtu nyuma ninayetaka aone.

Mdogo wangu akaanza kutembea. Kila siku baada ya swala ya alfajiri alivaa zile raba chini ya dera, akashika njia ya vumbi inayotoka mjini, akaenda mpaka kwenye mikorosho na kurudi. Njia hiyo inapita mbele ya nyumba yangu. Nilikuwa nafagia, naye anapita akiwa na simu sikioni, anacheka. Ananipungia mkono, haachi kuongea. Sikuhitaji kuuliza anaongea na nani. Mimi binti yangu alinipigia kila Ijumaa tu, baada ya chakula cha mchana. Tulisalimiana, tukaulizana afya, tukaagana.

Baada ya miezi miwili watu wakaanza kusema. "Mwalimu umenyooka!" "Mwalimu, umekuwa msichana!" Wanawake wa sokoni walimsimamisha waangalie viatu, mmoja akaomba kuvijaribu, akayumba, wote wakacheka. Hayo yote yalitokea mbele ya kibaraza changu. Mimi nilikanyaga cherehani kwa nguvu nisisikie, na nikasikia kila neno.

Halafu akaniletea kitambaa nimshonee gauni la harusi ya mwalimu mwenzake. Nikamzungushia futi kiunoni. Kilikuwa kimepungua inchi tatu. Nilikipima mara ya pili nikitumaini nimekosea. Hapo nikafanya jambo ambalo fundi halifanyi. Nilifungua daftari langu, nikaacha vipimo vyake vya mwaka uliopita vilivyo, nikashona gauni kwa vipimo vile. Nilitaka avae harusini aonekane amevaa gunia. Nilitaka watu waseme, kumbe hajapungua wala nini.

Alipokuja kulichukua alilivaa pale pale nyuma ya pazia. Nikaanza kuona aibu kabla hajatoka. Kisha pazia likafunguka, naye ameshika kitambaa kilichozidi kwa mikono miwili, uso umejaa furaha.

"Dada! Wiki moja tu tangu unipime, nimepungua tena! Lo, viatu hivi!"

Nikakaa nikalipunguza gauni lile, yeye amesimama ubavuni akimsimulia kila apitaye.

Mwezi uliofuata shangazi yetu alifariki Mohoro. Mimi nilihudhuria maziko nikarudi, kwa kuwa nilikuwa na sare za shule za kumalizia. Mdogo wangu akabaki msibani siku tatu na kuniachia ufunguo nimlishie kuku. Raba zilikuwa mlangoni, zimefutwa vumbi, zimepangwa sambamba.

Siku ya kwanza nilizitazama tu. Siku ya pili nikazivaa. Yeye ana mguu mkubwa kuliko wangu, nikajazia vipande vya kitambaa mbele. Nilipoinuka nilihisi ardhi inarudi nyuma. Ilinibidi nisimame wima kwa lazima, kifua mbele, na kwa dakika ile nilisadiki kila neno la ile karatasi. Nikafunga mlango, nikatoka na njia yake ile ile.

Nilijiongopea hata mimi mwenyewe kwamba najaribu tu kama vinasaidia. Kweli yenyewe ni kwamba nilitaka kwenda alikokwenda yeye, nione anachokipata. Nilishika hata simu mkononi. Haikulia.

Sikufika kwenye mikorosho. Pale maji ya mvua yalipokata njia pana mchanga laini, matope na ukingo. Soli ikabiringika upande, mguu nao, nikasikia kitu kimefyatuka kwenye kifundo. Nikaanguka chini kama mzigo wa kuni. Mwanamke aliyekuwa akienda shamba alinikuta nimekaa kwenye matope, nimevua kiatu kimoja, nalia. Alidhani nalia maumivu.

Hospitalini walisema mfupa ni mzima, mshipa ndio umevutika. Walinipeleka kwa binti mmoja anayeshughulika na mazoezi ya viungo. Alikiinua kiatu, akakiyumbisha mezani kwa kidole.

"Mama, hivi ulikuwa unavitumia kwa nini?"

"Wanasema vinapunguza mwili. Na vinanyoosha mgongo."

"Soli ikiyumba, misuli inajikaza ili usianguke, ndiyo maana mtu anahisi kinafanya kazi. Wengine wanaviona laini, vinawafaa kwa kusimama. Lakini kwamba uvivae tu upungue, au mgongo ukae sawa, hapana. Na asiyevizoea, kwenye mchanga, ndiyo haya."

"Mdogo wangu amepungua," nikasema. Nilisikia sauti yangu ilivyo kali.

"Anatembea?"

"Kila siku."

"Basi ni miguu yake, mama. Angevaa raba yoyote inayomkaa vizuri angepungua." Kisha akanitazama nilivyokaa. "Na mgongo wako umeanza kuuma lini?"

Sikuwa nimemwambia mgongo unauma. Aliniuliza nashonaje, nimekalia nini. Akaniambia niinue kiti, kila nikimaliza nguo moja nisimame nitembee kidogo, na mguu ukipona nitembee kila siku. Nilimsikiliza mtoto wa watu akiniuliza habari za mgongo wangu.

Mdogo wangu alirudi kutoka Mohoro akanikuta kitandani, mguu umefungwa, na raba zake zimekauka matope mlangoni. Alizitazama, akanitazama.

"Ungeniomba, dada. Ningekupa."

"Ndiyo maana sikukuomba."

Hakuelewa. Nikamweleza. Nilianza na viatu na mgongo unaoniuma, nikarudi kwenye gauni, na nilipofika kwenye gauni alifunika mdomo, nikajua namuumiza, lakini sikuacha. Nilimwambia kila asubuhi namwona anapita akicheka na mwanangu. Nilimwambia, "Umenichukulia mtoto."

"Wewe ndiye uliyemleta," akasema polepole. "Alilia wiki nzima. Alilala na kanga yako. Nilimbembeleza, dada, ningefanyaje?"

Hilo la kanga sikuwa nimepata kulisikia. Akatoa simu, akampigia binti, akaweka sauti ya nje. Akamwambia mama yako ameanguka, na mgongo unamuuma siku nyingi. Binti akashtuka, akaanza kuuliza maswali kwa mfululizo, na mwisho akasema, "Mama, kama mgongo unakuuma, mbona hujaniambia hata siku moja? Kila nikikuuliza hali unasema salama tu."

"Sikutaka kukusumbua."

"Mama mdogo ananisumbua kila siku," akasema, akacheka na kulia pamoja. "Napenda."

Mguu ulipopona tulianza kutembea wawili. Mimi nilivaa raba za kawaida zenye soli bapa. Mdogo wangu aliendelea na zake, mpaka goti la kulia likaanza kumlalamikia, akatazama soli akaona imelika upande mmoja. Akaziweka kando akanunua kama zangu. Alihofia mwili utarudi. Haukurudi, maana mikorosho haikuhama na yeye hakuacha kuifuata. Kwa kusimama darasani, alikiri, zile za soli nene zilikuwa laini zaidi, na mara moja moja bado anazivaa shuleni. Mgongo wangu mimi ulitulia taratibu, kwa kiti kilichoinuliwa na kwa hizi hatua za alfajiri. Haujawa wa msichana. Ila sasa nainuka kitandani kwa mara moja.

Idi iliyopita binti alikuja. Baada ya kula alikaa nyuma yangu kwenye mkeka, akatia mafuta ya nazi mikononi, akauliza, "Wapi, mama?" Nikamwambia hapa. Na hapa. Na huku chini. Nilimtajia hata mahali pasipouma, ili asimalize.

Mdogo wangu akamwita kutoka jikoni aonje visheti kama sukari imekolea. Binti akainuka upesi, akicheka hata kabla hajafika huko. Nikawasikia wawili wale wakiteta na kuchekeana, na kile kijicho kikanichoma tena chini ya ubavu. Nikajifunika kanga mgongoni, nikawaita, "Na mimi nileteeni nionje!"